Ukuta mmoja, miaka mitano, jina hulijui: umbali wa majirani pembezoni mwa Dar es Salaam

Malalamiko ni yaleyale, uwe Goba, Madale, Kibada au Chanika. Mtu kahamia kwake, miaka mitano imepita, na jirani wa ukuta wa kulia anamjua kwa rangi ya gari tu. Lawama hazichelewi. Huyu atakuambia watu wa ushuani, yaani mitaa ya wenye nacho, wana kiburi, yule atataja kabila, mwingine atasema dunia imeharibika. Maelezo yote hayo yanaruka jambo lililo wazi zaidi: mitaa mipya imejengwa kwa namna inayowanyima majirani mahali pa kukutana, kisha wakaingizwa humo watu waliofundwa ujirani kwa taratibu tofauti, na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Kwanza tuyaweke maneno sawa, maana "umbali wa kijamii" limewachanganya wengi. Mwaka 2020, wakati wa korona, lilimaanisha kusimama mita moja au zaidi kutoka kwa mwenzako. Huo ni umbali wa miili. Wataalamu wa elimu ya jamii walikuwa wakilitumia tangu zamani kwa maana nyingine, yaani uko tayari kiasi gani kumruhusu mtu aingie katika maisha yako. Mmarekani Emory Bogardus alilitengenezea kipimo katika miaka ya 1920, chenye ngazi saba. Ngazi ya kwanza inauliza kama ungekubali watu wa kundi fulani waoe kwenu. Ya pili, wawe marafiki zako. Ya tatu, wawe majirani wa mtaa wako. Ya nne, mfanye nao kazi. Inaendelea kushuka hadi ya saba, ambayo ni kutotaka hata waingie nchini mwako.

Tazama jirani alipowekwa: juu ya mfanyakazi mwenzako. Hata kwetu kimila ni hivyo, jirani ndiye wa kwanza kufika moto ukiwaka. Lakini mkazi wa Mbweni anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa mbili usiku anajua watoto wa mwenzake wa ofisini wanasoma darasa la ngapi, na hajui kama jirani yake ana watoto. Ngazi zimegeuka juu chini. Ukaribu wa miili haumsaidii kitu. Ndugu wawili, mmoja Muscat na mmoja Tanga, wanaweza kuzungumza kila usiku na kujuana mpaka bei ya unga ulionunuliwa asubuhi, na watu wawili wanaotenganishwa na tofali moja la inchi 6 wasijue nani anaumwa.

Ushuani na uswahilini

Maneno haya tunayatupa kama maelezo ya tabia, lakini mgawanyo wake ulianzia kwenye ramani. Wajerumani waliandaa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1914 zilizogawa mji kwa aina ya nyumba zinazoruhusiwa kila sehemu. Waingereza wakauendeleza mpango huo katika miaka ya 1920, na kwa vitendo mgawanyo wa nyumba ukawa mgawanyo wa rangi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda ndani. Kati ya Uhindini na Uswahilini eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi makusudi, ili pawe na nafasi inayotenganisha watu na watu. Umbali wa kijamii ulichorwa kwa rula kabla haujawa mazoea.

Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi katika makazi uliondoka, lakini kipimo cha "makazi bora" kikabaki kilekile: nyumba moja, kiwanja kimoja, familia moja, nafasi pande zote nne. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma na Buyuni kwa mtindo huo. Kwingineko watu walinunua kwa wakulima, hatua ishirini kwa ishirini, wakaandikishana mbele ya viongozi wa mtaa, na wakajenga wakiwa na picha ileile kichwani. Kwa hiyo anayehama Manzese kwenda Goba habadilishi anwani peke yake. Anatoka kwenye nyumba iliyomlazimisha kukutana na watu, anaingia kwenye nyumba inayomruhusu asikutane na mtu yeyote.

Nyumba ile ya zamani inafaa kuangaliwa kwa karibu. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mwembamba. Mbele kuna baraza, nyuma kuna ua wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba kinaweza kuwa na familia yake, na mita ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni moja. Hebu fikiria kazi inayofanywa na mita hiyo. Umeme ukikata saa tatu usiku, lazima mtu agonge milango mitano kukusanya pesa. Mwenye friji atadaiwa zaidi, mwenye pasi atabishana, na mwenye taa moja atasema yeye hachangi tena. Kabla shilingi haijatoka, kila mtu amejua nani hana kitu wiki hii, nani amelipwa, nani amesafiri, nani ana mgonjwa. Ugomvi wa LUKU unachosha, na watu wanahama kwa sababu yake. Lakini ndio huohuo uliokuwa ukipeleka habari chumba hadi chumba. Bomba moja la maji lilifanya kazi ileile, zamu ya kufagia choo nayo pia.

Pembezoni kila kitu kina mwenyewe: mita yako, tenki lako la lita elfu mbili, shimo lako, geti lako. Pale penye mwenye kisima kirefu anayewauzia majirani maji kwa ndoo, bado watu hukutana kwenye koki yake asubuhi. Bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, likifika kila nyumba, nafuu ni kubwa na hakuna anayetaka kurudi nyuma, ila mkutano ule wa asubuhi nao unakufa siku hiyohiyo.

Kosa la ukuta

Wengi huulaumu ukuta. Ni kweli fensi ndefu yenye nyaya juu haikaribishi mtu, lakini ukuta peke yake hauwezi kubeba lawama yote. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nene kuliko fensi yoyote ya Madale, na zinaficha ya ndani kwa makusudi. Stara ya familia ndiyo msingi wa ujenzi wake. Pamoja na hayo mitaa ile ilijaa mazungumzo. Siri iko kwenye mpaka. Nje ya ukuta kulijengwa baraza la mawe, mahali ambapo mgeni anaweza kuketi, akapewa kahawa na kumaliza shida yake bila kuona sebule. Lamu kuna pia daka, kibaraza chenye viti vya mawe mlangoni, na kuna wikio, chumba kinachokatiza juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Waliojenga hivyo walijua kuwa kati ya "ndani kwangu" na "barabarani" panatakiwa mahali pa tatu.

Fensi za mitaa mipya zimechukua ukuta na kuliacha baraza. Ukifika getini una njia mbili tu, uingie mpaka sebuleni au uondoke. Kwa jirani usiyemzoea kuingia sebuleni ni hatua kubwa mno, kwa hiyo wengi huondoka, au hawaji kabisa.

Kuna jingine lisilosemwa sana. Ujirani wa pembezoni huanza kabla majirani hawajaonana. Nyumba hujengwa kidogokidogo, msingi mwaka huu, pagale mwaka kesho, bati pesa ikipatikana. Muda wote huo wanaohusiana ni mafundi na walinzi. Lori la mchanga linamwagwa mbele ya kiwanja cha mwingine. Fundi anachota maji kwa jirani bila kuomba. Bekoni, alama ya mpaka wa kiwanja, inafukiwa na kifusi, na msingi unachimbwa kwa kukisia. Siku mwenye nyumba anahamia, tayari kuna kesi ambayo yeye haijui, naye anashangaa salamu yake imejibiwa kwa ubaridi. Kama unajenga, ukienda saiti piga hodi nyumba zinazopakana na wewe, acha namba yako ya simu, useme wazi: fundi wangu akikosea, nipigie mimi. Na kabla ya kuchimba msingi wa fensi mwite mpima ardhi mwenye leseni aonyeshe bekoni, jirani akiwepo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta uliosimama.

Adabu mbili zinapogongana

Sasa tuje kwenye mila, maana tofauti zipo na hazina aibu. Makosa huja tunapoisoma adabu ya mwenzetu kwa kamusi ya kwetu.

Pwani, mgeni anapohamia, wenyeji ndio wanaotarajiwa kwenda kumpa pole ya kuhama. Hodi hupigwa mara tatu, kama yanavyotaka mafundisho ya Kiislamu. Usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo. Chakula hutembea kati ya nyumba, hasa futari mwezi wa Ramadhani, na sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Mlimani Kilimanjaro ujirani umejengwa kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake. Baba hugawa shamba kwa wanawe, kwa hiyo nyumba zinazozunguka mara nyingi ni za ukoo mmoja. Mpaka ni ua wa masale, mmea ambao jani lake pia hutumika kuombea msamaha mbele ya uliyemkosea. Huko hakukuwa na haja ya kujitambulisha, kila anayepita anajulikana ni mtoto wa nani. Aliyekulia hapo akiletwa Tegeta kati ya wageni watupu, anaweza kungoja siku nyingi mtu amtambulishe.

Weka hao wawili ukuta mmoja. Mtu wa Pwani anahamia, anangoja wenyeji waje. Jirani yake aliyekulia mlimani anaona mgeni amejifungia, hajapita hata kusema yeye ni nani. Miezi sita baadaye kila mmoja ana ushahidi kamili kwamba mwenzake anajisikia. Hakuna aliyekosa adabu, wote wawili wamezishika adabu zao.

Sahani nayo ina mtego. Aliyeletewa sambusa na hajui kanuni ya sahani anaiosha vizuri na kuirudisha ikiwa safi na tupu, akiamini ameonyesha heshima. Aliyetuma anaisoma tofauti. Nazi moja au ndimu tano juu ya sahani ile zingetosha.

Msiba ndio unaoumiza zaidi. Kwa Waislamu maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku ileile au kesho yake, kwenye makaburi ya karibu. Familia nyingi za Kikristo zenye asili ya Kilimanjaro au Kagera husafirisha mwili kwenda kuzika nyumbani, kwa hiyo hapa Dar kunakuwa na siku kadhaa za kamati, daftari la michango na kuaga. Aliyezoea utaratibu wa pili akisikia msiba wa jirani Mwislamu Jumatatu asubuhi, hujipanga kwenda Jumatano jioni akitoka kazini. Anakuta wamezika tangu Jumatatu alasiri. Kinyume chake, aliyezoea kuzika siku moja hufika siku ya kwanza tu, akatoa pole, akaona yamekwisha, wakati kamati ilikuwa inamtegemea siku nne. Ukisikia msiba kwa jirani wa dini au asili tofauti na yako, uliza swali moja palepale: maziko lini na wapi? Usikisie kwa mazoea ya kwenu.

Babu zetu walikuwa na dawa ya umbali wa namna hii, nayo ni utani. Wapare na Wachaga, Wazaramo na Wanyamwezi, walipeana ruhusa ya kuchokozana hadharani na pia wajibu wa kusaidiana, hasa kwenye misiba. Mtani alikuwa mgeni mwenye tiketi ya kuingia. Utani bado upo mjini, lakini unahitaji kujua mtu ametoka wapi, na pembezoni hata hilo halijulikani.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

"Tatizo ni makabila." Mara nyingi ratiba ina nguvu kuliko kabila. Mpangaji anayejua mkataba wake ni wa mwaka mmoja hawekezi kwenye ujirani kama mwenye hati. Wastaafu wanaoshinda nyumbani hujuana haraka, watokao makabila tofauti au la. Na wanaojuana kuliko wote ni wafanyakazi wa ndani na walinzi. Ukitaka kujua hali ya mtaa wako, hao wana majina yote.

"Tuna grupu la WhatsApp, yatosha." Grupu ni zuri kwa taarifa: umeme umekatika, gari la taka linapita kesho, mtoto amepotea. Kwa malalamiko ni sumu. Ujumbe "kuna watu hapa wanachoma taka wanatuvutisha moshi" unasomwa na nyumba arobaini, na mwenye moshi anajijua. Aibu ya hadharani humfanya ajitetee, wala hazimi moto. Kadi za michango ya harusi zinazomwagwa humo na mtu ambaye hajawahi kusalimia mtu nazo huongeza umbali, kwa sababu anaanza na deni kabla ya jina.

"Tutampelekea mjumbe, ndiye serikali." Hapa wengi huchanganya. Mfumo wa nyumba kumi, kila kumi na mjumbe wao, uliwekwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, miaka ya 1960, na tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992 mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama, CCM. Anaweza kusuluhisha kwa heshima aliyonayo, na wengi wao husuluhisha vizuri. Serikali katika ngazi hiyo ni mwenyekiti wa mtaa anayechaguliwa pamoja na kamati yake (uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 2024), na mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa.

Hatua zinazofaa

Usingoje kujua nani ilikuwa zamu yake kuanza. Ukiwa umehamia, au hata umekaa miaka na hujaanza, chagua Jumamosi au Jumapili kati ya saa nne na saa sita mchana, au alasiri kabla ya magharibi. Nenda nyumba sita hadi nane: zinazopakana nawe, zinazokutazama, na ile ya pembeni unapokata kona. Gonga geti, rudi nyuma hatua mbili, simama pembeni ili geti likifunguka usionekane unachungulia ndani. Sema jina lako, nyumba yako ni ipi, na namba ya simu. Shikamoo kwa mkubwa. Usikubali kuingia ndani mara ya kwanza kama unaona amekaribisha kwa kulazimika. Dakika tano za kusimama getini zinatosha. Kisha mpitie mtendaji au mwenyekiti uandikishwe kwenye daftari la wakazi.

Kukiwa na kero, itaje kama kitu, si kama tabia. "Maji ya bati lako yanadondokea ukutani kwangu, rangi inabanduka hapa" yana dawa: mfereji wa bati na bomba la kushusha maji. "Nyie watu hamjali" hayana dawa. Muziki: taja siku na saa. Taa ya ulinzi inayomulika chumbani: mwombe jirani aingie kwako usiku aione mwenyewe, kisha aigeuze ielekee chini. Nenda mwenyewe, peke yako, kabla ya kumtuma mtu. Msipoelewana, nendeni serikali ya mtaa. Kelele zinazozidi zinaangukia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mgogoro wa mpaka huenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na kama bado hujajenga fensi, rudisha lile baraza. Sogeza ukuta wa mbele ndani ya mpaka wako kwa nusu mita tu karibu na geti, maana hifadhi ya barabara si yako. Tofali kumi za inchi 6 zinatosha: mbili zikitoka ukutani kama mikono, tatu zikiziba kwa mbele kati ya ncha za mikono hiyo, kozi mbili, moja juu ya nyingine. Kozi ya kwanza izame ardhini kama sentimita nane ili kimo cha kukalia kiwe karibu sentimita 45. Jaza kifusi kilichoshindiliwa, mwaga zege la sentimita tano, lilalie mbele kidogo ili mvua isituame. Usilifungamanishe na msingi wa fensi, vikititia kwa viwango tofauti patapasuka. Mfuko mmoja wa saruji hauishi. Geti likitazama mashariki, kivuli cha ukuta huangukia hapo kuanzia alasiri, na watu watatu wanakaa bila kubanana. Wiki za mwanzo atakayekaa hapo ni mlinzi wako na mlinzi wa jirani. Waache wakae, majina ya pande zote mbili wanayo wao.